Seva ya Nyumbani Kpandroma na Mgawanyo wa Nafasi ya Diski

Katika mji wa biashara wa Kpandroma, ulioko kwenye nyanda za juu za teritori ya Djugu katika jimbo la Ituri nchini Kongo, nyimbo, filamu, mahubiri na picha za familia husafiri zaidi kwa flashi na kadi za kumbukumbu za simu kuliko kwa intaneti, kwa kuwa mega, kama wakazi wanavyoviita vifurushi vya data, hununuliwa kwa fedha inayohitajika pia kwa unga na karo ya shule. Kwa sababu hiyo, faili zilizokwisha kufika nyumbani hazifutwi ovyo. Hukusanywa katika laptopu ya mtoto anayesoma, katika diski ya nje iliyonunuliwa Bunia au kuletwa kutoka Uganda kupitia Mahagi, na katika simu kuukuu zilizopasuka vioo lakini zingali na picha ndani yake. Familia inayoamua kuzileta faili hizo zote mahali pamoja huwa imeanzisha seva ya nyumbani, yaani kompyuta moja inayotunza faili na kuzigawia simu, televisheni na kompyuta nyingine za nyumba ile kupitia wifi, bila kuhitaji intaneti hata kidogo. Kinachofuata ni swali ambalo wengi hulikumbuka diski ikiwa imekwisha kujaa, nalo ni jinsi ya kuigawa nafasi yake kabla faili ya kwanza haijaandikwa.

Maelekezo mengi yanayotolewa duniani kuhusu jambo hili huigawa diski kwa aina ya faili, kukawa na sehemu ya filamu, sehemu ya muziki na sehemu ya picha, kisha kila sehemu ikapewa ukubwa unaolingana na wingi wa vilivyomo. Mgawanyo huo unawafaa watu wanaoishi mahali ambapo kilichopotea hurejeshwa kwa kupakuliwa upya usiku mmoja, lakini hauifai Ituri. Vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, na machafuko yaliyozuka tena katika Djugu kuanzia Desemba 2017, viliwafanya maelfu ya watu kuzikimbia nyumba zao mikono mitupu, na katika nyumba zilizochomwa ziliteketea pia albamu za picha, kanda za harusi na kaseti za kwaya ambazo hazikuwa na nakala popote. Hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi Mei 2021 haikuondoa hatari hiyo. Ndiyo maana mgawanyo wa diski katika nyumba ya Kpandroma unapaswa kuanza na kipimo kingine, yaani uzito wa hasara itakayopatikana faili hiyo ikitoweka, na ukubwa wa faili ukaja baadaye.

Kabla ya kugawa ni lazima kupima, na hapo mnunuzi hukutana na tofauti inayomfanya adhani ameibiwa. Baiti ni kipande cha taarifa kinachotosha kuhifadhi herufi moja ya kawaida. Gigabaiti, inayoandikwa GB, ni baiti bilioni moja, na terabaiti, yaani TB, ni baiti trilioni moja. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa makumi kama ilivyoelezwa, lakini programu nyingi za kompyuta, hasa Windows, huhesabu kwa vipeo vya namba 2, ambapo kila ngazi huzidi iliyo chini yake mara 1024 badala ya mara 1000. Diski iliyoandikwa TB 4 kwenye boksi kwa hiyo huonekana kwenye kioo kuwa na TB 3.6 hivi, na ile ya TB 1 huonekana kuwa na GB 931. Hakuna kilichopungua, ila mpango wa nafasi ni lazima ufuate namba inayoonyeshwa na kompyuta, kwani ndiyo itakayotoa onyo la kujaa.

Vipimo vya sauti na video ndivyo vinavyoamua mengine yote, na mfano ulio wazi zaidi katika mji huu ni kwaya. Sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa CD, bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti (MB) 635 kwa saa, kwa sababu kila sekunde hupimwa mara 44,100 kwa kila upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, ambapo biti nane hufanya baiti moja. Kwaya inayorekodiwa saa moja kila Jumapili itahitaji GB 33 kwa mwaka kwa njia hiyo. Ikibanwa kwa mtindo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa bila kutupa chochote cha sauti, nafasi hiyo hushuka hadi karibu nusu, na ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizisikii vizuri, mwaka mzima hutoshea katika GB 3. Video ni habari nyingine kabisa. Simu nyingi za Android hurekodi video ya mistari 1080 kwa megabiti 17 kwa sekunde au karibu na hapo, kiwango ambacho huzaa GB 7.6 kwa saa moja, hivyo ibada ileile ya saa moja ikirekodiwa kwa video kila Jumapili itakula karibu GB 400 kwa mwaka, na diski ya TB 4 iliyoonekana kubwa dukani itakuwa imejaa baada ya miaka kumi hivi, hata bila ya filamu moja kuwekwa ndani yake.

Hesabu hiyo inalazimisha uamuzi ambao hakuna programu inayoweza kuufanya kwa niaba ya familia. Uimbaji wa kwaya, hasa nyimbo zilizotungwa na wenyeji kwa Kilendu, Kialur au Kiswahili, unastahili FLAC, kwa kuwa mtu atakayetaka kuzitoa nyimbo hizo kwa ubora miaka ishirini ijayo hataweza kuirudisha sauti iliyokwisha kutupwa. Mahubiri na mazungumzo ya kawaida yanatoshelezwa na MP3. Video ihifadhiwe kwa siku zenye uzito, kama harusi, mazishi, ubatizo, kutawazwa kwa wachungaji na mahafali, na saa kumi za video za namna hiyo kwa mwaka hazizidi GB 76.

Baada ya vipimo, faili za nyumba hujipanga zenyewe katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni urithi, yaani kila kitu ambacho nyumba hii peke yake, au nyumba chache tu, zinacho: picha, rekodi za kwaya, sauti za wazee wakisimulia, hati za shamba na vyeti vilivyopigwa picha, kanda za video za zamani zilizohamishiwa kwenye kompyuta. Kundi la pili ni vitu vinavyorudi kwa taabu, kama vipindi vya Radio Candip ya Bunia au vya Radio Okapi, iliyoanza kutangaza mwaka 2002, ambavyo mtu alivirekodi vilipopita hewani, au albamu za zamani za rumba zilizochukua miezi kukusanywa kutoka kwa marafiki. Kundi la tatu ni vinavyorudi kwa urahisi, nalo linabeba karibu filamu zote na tamthilia zote, kwa kuwa nakala zake zimejaa kwenye flashi za jirani. Mkulima wa Djugu haweki mbegu ya maharagwe katika gunia moja na maharagwe ya kupika, na diski nayo inataka utaratibu huohuo, kwa maana filamu zikiruhusiwa kukaa pamoja na urithi, ndizo zitakazoijaza nafasi kwa kasi, kisha siku ya kutafuta pa kupumulia mtu atafuta kwa haraka asichokikusudia.

Kundi la tatu ndilo kubwa kwa gigabaiti, na ndilo linalobanika zaidi. Filamu ya saa mbili iliyobanwa kwa megabiti 2 kwa sekunde huchukua GB 1.8, na kwenye kioo cha simu au televisheni ya inchi 32 inaonekana vizuri, ilhali filamu ileile kwa kiwango cha 4K cha megabiti 16 kwa sekunde ingechukua zaidi ya GB 14 bila ya mtazamaji wa televisheni hiyo kupata faida yoyote. Njia ya kubana video huitwa kodeki, na mbili zinazokutana mara nyingi ni H.264, iliyokubaliwa mwaka 2003, na H.265, iliyokubaliwa mwaka 2013, ambayo hutoa ubora uleule kwa karibu nusu ya nafasi. Ingedhaniwa kwamba H.265 ndiyo jibu, lakini simu za zamani haziwezi kuisoma, na seva inapolazimika kuigeuza filamu papo hapo ili simu hiyo iione, kichakato chake hufanya kazi kwa nguvu zote na betri ya sola huisha kabla ya filamu kuisha. Pale ambapo umeme ni wa kuhesabiwa, ni afadhali kutoa nafasi ya diski kuliko kutoa umeme, na kwa hiyo H.264 inabaki kuwa chaguo la busara zaidi kwa sasa.

Katika kundi hilohilo la vinavyorudi kuna kitu kinachostahili kupewa nafasi yake mapema, nacho ni maktaba ya maarifa isiyohitaji intaneti. Mradi wa Kiwix, ulioanza mwaka 2007, huifungasha Wikipedia nzima katika faili moja inayosomwa kwa kivinjari cha kawaida cha simu. Toleo la Kiingereza lenye picha hukaribia GB 100, la Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya masomo ya sekondari nchini Kongo, ni dogo kuliko nusu ya hilo, na la Kiswahili ni dogo zaidi kwa mbali. Mwanafunzi wa Kpandroma mwenye simu ya bei ndogo anaweza kusoma humo jioni bila kununua mega hata moja. Ni vigumu kuona matumizi mengine ya GB 50 za diski yenye faida kubwa kuliko hayo kwa watoto wa nyumba moja na wa nyumba za jirani.

Namna ya kuzichora sehemu hizo kwenye diski hutegemea programu iliyotumika. Kugawa diski kwa njia ya kale ni kuikata katika vigawanyo, yaani vipande ambavyo kompyuta huviona kama diski mbalimbali, na kasoro yake ni kwamba ukubwa huamuliwa siku ya kwanza, wakati mwenye diski ndipo anapojua kidogo kuliko siku nyingine zote. Mfumo endeshi wa Linux, ambao hutolewa bure na ndio unaoendesha seva nyingi za nyumbani, una utaratibu uitwao LVM ambao huichukulia diski kama bwawa moja, kisha sehemu huchotwa humo kwa kiasi kinachohitajika na kuongezwa baadaye. Kuongeza ni kazi ya dakika chache na hufanyika seva ikiendelea kutumika. Kupunguza ni kugumu na kuna hatari: mfumo wa faili wa ext4, yaani utaratibu unaoamua faili ikae wapi ndani ya sehemu yake, hauwezi kupunguzwa ukiwa unatumika, na ule wa XFS kwa desturi haupungui hata ukizimwa. Kutokana na hilo huzaliwa kanuni iliyo muhimu kuliko zote katika kazi hii, kwamba kila sehemu ianze ikiwa ndogo na sehemu ya bwawa iachwe bila mwenyewe.

Kwa diski ya TB 4, inayoonekana kuwa TB 3.6, mgawanyo unaofaa nyumba iliyoelezwa hapa unaweza kuwa huu. Tuseme urithi uliopo leo ni GB 300, na kila mwaka unaongezeka kwa GB 20 za kwaya, GB 76 za video za siku kubwa, na GB 40 za picha, kwa kuwa picha 10,000 za MB 4 kila moja hufikia kiasi hicho. Jumla ya ongezeko ni karibu GB 140 kwa mwaka, na baada ya miaka mitano urithi utakuwa umefika TB 1. Sehemu ya urithi basi ipewe TB 1.2. Filamu na muziki wa kukusanya vipewe TB 1.2, zinazotosha filamu mia nne za GB 1.8 na maelfu ya nyimbo, na nafasi ikabaki. Maktaba ya maarifa ipewe GB 200. TB 1 iliyobaki isigawiwe mtu. Mfumo endeshi wenyewe usikae humo kabisa, bali uwekwe kwenye diski ndogo ya pembeni au kadi ya kumbukumbu ya GB 32, ili siku utakapoharibika, ufutwe na kuwekwa upya bila kugusa faili za familia.

Kuna mambo mawili madogo ambayo huokoa nafasi au huepusha hasira. Mfumo wa ext4 hutenga asilimia 5 ya kila sehemu kwa ajili ya msimamizi wa kompyuta, kiasi ambacho kwenye TB 4 ni GB 200; akiba hiyo ina maana kwenye diski ya mfumo endeshi, ila kwenye sehemu ya filamu inaweza kupunguzwa hadi asilimia 1 bila madhara. Aidha, diski isijazwe kupita asilimia 80 au 85, kwa sababu ikikaribia kujaa, faili mpya hukatwa vipande vipande na kutawanywa popote palipo na upenyo, na usomaji wake huwa wa polepole.

Swali la diski ya pili huzusha jina la RAID, mbinu iliyoelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ya kuunganisha diski kadhaa za bei nafuu ili zifanye kazi kama moja. Katika RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili, hivyo moja ikifa nyingine huendelea. Wengi wenye diski mbili huzifunga kwa namna hiyo na kuamini kwamba wamelinda faili zao, na imani hiyo ni kosa kubwa kuliko yote yanayofanywa katika seva za nyumbani. Faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutwa kote kuwili kwa sekunde ileile, virusi vikiingia vinaingia kote, na boksi likiibwa au nyumba ikichomwa diski zote mbili huondoka pamoja. RAID hulinda kazi isikatike, jambo lenye thamani katika benki au hospitali. Familia inaweza kusubiri siku mbili bila kuona filamu. Diski ya pili itumike kwa nakala ya akiba, yaani iunganishwe mara moja kwa wiki, inakili sehemu ya urithi, kisha ichomolewe na kufungiwa mahali pengine.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni inayojulikana kama 3-2-1, isemayo kwamba kila faili ya thamani iwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumbani. Kpandroma, nakala ya mbali inaweza kuwa kwa ndugu aliyeko Bunia, Mahagi au ng'ambo ya mpaka Uganda, na hubadilishwa kila mtu wa familia anaposafiri. Hapo faida ya kuutenga urithi huonekana wazi, kwa kuwa TB 1 hutoshea kwenye diski ndogo inayoingia mfukoni, ilhali bwawa zima la TB 3.6 lisingepata mtu wa kulinakili hata mara moja. Diski hiyo ya safari iandaliwe kwa mfumo wa exFAT, unaosomwa na kompyuta karibu zote, maana ndugu mwenye Windows hataweza kufungua ext4 bila programu ya ziada. FAT32, ambao flashi nyingi bado zinao, haufai, kwani haupokei faili inayofikia GB 4, na video ya ibada ya saa moja imekwisha kupita kiwango hicho.

Umeme ndio adui wa kimya wa mpango wowote ule. Mifumo ya faili kama ext4 huweka kwanza daftari la mabadiliko yanayotaka kufanyika, ili umeme ukikatika katikati ya uandishi seva ijue pa kuanzia inapowaka tena; exFAT na FAT32 hazina daftari hilo, na ndiyo sababu diski zenye mifumo hiyo zisitumike kama diski za kila siku za seva. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 pamoja na diski ya inchi 2.5 hutumia chini ya wati 10 katika kazi ya kawaida, sawa na saa-wati 240 kwa siku nzima, na betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea (Ah) 100, ambayo haipaswi kutolewa zaidi ya nusu, hutoa saa-wati 600. Laptopu ya zamani hutumia zaidi, ila huja na betri yake ndani, nayo huizuia diski kuzimika ghafla. Kuhusu mwinuko wa nchi, watengenezaji wengi huruhusu diski zao kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi, kwa sababu vichwa vinavyosoma huelea juu ya utando mwembamba wa hewa unaohitaji msongamano wa kutosha. Nyanda za Djugu ziko chini ya kiwango hicho, na baridi yake ni rafiki wa diski kuliko joto la nyanda za chini.

Hata hivyo hakuna diski isiyokufa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayochapisha takwimu za diski zake tangu mwaka 2013, imekuwa ikipoteza kati ya asilimia 1 na 2 ya diski kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na hizo ni diski zinazokaa katika vyumba vyenye umeme thabiti na hewa iliyopoozwa, zisizobebwa kwenye pikipiki wala kuzimika ghafla betri inapokwisha. Familia yenye fedha za diski moja ya TB 4 ingefanya vema zaidi kununua mbili za TB 2, ikapunguza filamu, na kuanza wiki hiyohiyo kuhamisha kaseti za kwaya na picha zilizomo kwenye simu zilizopasuka, maana kaseti hizo tayari zinafifia na simu hizo hazitawaka milele.